Mama Alipochoshwa na Mvua ya Mbinga

Juzi binti yangu alisahau nguo kwenye ndoo ya maji, na nilipofunua kifuniko ile harufu ya nguo iliyovunda ikanipanda puani. Papo hapo sikuwa tena katika nyumba yangu ya kupanga Dar es Salaam. Nilikuwa Mbinga, mtoto wa kuanza shule, nimesimama uani, na mama yangu ameshika nepi ya mdogo wangu Abdi kwa ncha za vidole, anainusa, kisha anairudisha kwenye beseni bila kusema neno. Mama yangu kunyamaza lilikuwa jambo la kutisha. Nivumilieni niwaeleze, maana nyumba yetu ilikaribia kuvunjika kwa sababu ya nguo zisizokauka.

Mbinga tulikuwa wageni. Wazazi wangu ni watu wa Pangani, waliozaliwa wakisikia bahari. Miaka ile biashara ilipoachiwa huru na kila mtu akaambiwa ajaribu bahati yake, baba alisikia kwamba kule Ruvuma milimani watu wanavuna kahawa lakini madukani hakuna vitu. Akafunga robota zake za vitenge na mitumba, akatupakia na sisi juu yake, tukasafiri mpaka nikaanza kuamini kwamba Mbinga ni jina tu la kuwanyamazishia watoto, mahali penyewe hapapo. Kumbe papo, na mvua ilikuwa imetangulia kufika.

Mimi nilipapenda siku hiyohiyo. Asubuhi ya kwanza nilifungua mlango wa uani, wingu likaingia ndani. Lilikuwa wingu lenyewe, jeupe na la baridi, likapita sebuleni polepole na kunilowesha kope. Nilisimama nimeshika komeo, naogopa hata kupumua lisije likaondoka. Kwetu mawingu yalikaa juu mahali pake, hapa yalikuja kututembelea. Lilipopita, mlima wa ng'ambo ukajitokeza, na mteremko mzima ulikuwa umechimbwa vishimo vya ngoro, vile wanavyolimia Wamatengo ili mvua isiondoke na udongo. Kila kishimo kilikuwa kimeshika maji yake. Jua likachungulia kidogo tu, vishimo vyote vikang'aa kwa pamoja, na moyo wangu ukaenda mbio kama niliyeitwa jina na mtu nisiyemwona.

Mama alikuja nyuma yangu, akayatazama hayohayo niliyokuwa nikiyatazama.

"Funga mlango, Zuhura," akasema. "Baridi inaingia."

Chumvi iligeuka maji ndani ya kopo. Njiti za kiberiti zilisuguliwa mpaka vichwa vikamong'onyoka bila kuwaka. Mkeka aliosukiwa na bibi uliota kuvu, na viatu vya baba vya kuendea msikitini siku ya Ijumaa vikaota manyoya ya kijani. Nazi ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Buibui la mama lilikuwa na pindo jekundu la tope ambalo hakuna sabuni iliyoliweza. Mama alikuwa na tabia ya kuisema mvua uso kwa uso. Alisimama barazani, mikono kiunoni, akaiambia, "Wewe huna kwenu? Kwetu mvua ikishanyesha huaga, ikaenda zake." Majirani waliokuwa wakipita waliteremsha sauti na kutembea taratibu, wakidhani mke wa mwenye duka anasali.

Baba yeye hakulalamika hata mara moja. Alivaa koti lake refu la mitumba, lililomfika magotini, akatoka kwenda dukani akipiga mluzi katikati ya manyunyu.

"Utazoea, Mama Zuhura," alikuwa akisema.

"Mie sikuja kuzoea," mama alimjibu. "Nimekuja kuishi."

Nilimtazama baba akipotea kwenye ukungu na mluzi wake, nikaona huyu ndiye mtu aliyeumbwa kwa ajili ya Mbinga.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mama Kinunda, mama mpole mwenye shamba la kahawa, ambaye jikoni kwake moto haukuzimika tangu asubuhi hadi usiku. Juu ya moto ule palikuwa na uchanja wa kukaushia mahindi ya mbegu, na kila nguo iliyoshindwa kukauka nje ilimalizikia hapo. "Mama Zuhura, niletee hizo nepi," alisema. "Jioni nakurudishia zimekauka." Mama alimshukuru sana kwa adabu zote za pwani, kisha akaingia ndani na kumwambia baba, "Mwanangu anuke moshi kama samaki wa kubanikwa?" Kwao nguo za mtoto hufukizwa udi. Alitoa chetezo chake na tenga dogo alilokuja nalo kutoka Pangani, akatandaza nepi juu ya tenga, akafukiza asubuhi nzima. Zilitoka zikinukia kama bi harusi, na bado mbichi.

Masika yalipopamba moto, Abdi akatoka vipele mapajani vilivyochubuka mpaka akawa hawezi kulazwa. Kisha kikaja kikohozi. Alikohoa kikohozi kikubwa kuliko mwili wake, na mama akaacha kuisema mvua. Hapo ndipo ule ukimya ulipoanza. Siku moja aliingia dukani na Abdi begani, mimi nikiwa nimekaa juu ya robota.

"Baba Zuhura, nirudishe kwetu. Wewe baki na duka lako. Nikimzika mwanangu kwenye tope hili, mimi na wewe hatutakuwa na la kuzungumza tena."

Baba alikuwa anakunja kitenge. Aliendelea kukikunja mpaka kikawa kidogo kama leso.

"Haya," akasema. "Nitakupeleka."

Sikulia, nilikuwa nimeduwaa. Niliona tu kwamba wakienda pande mbili, Zuhura wa kugawana ni mmoja.

Barabara ya Songea ilikuwa imekatika, malori yamezama mpaka kwenye ekseli. Ikabaki njia ya kuteremkia ziwani, Mbamba Bay, tukasubiri huko meli ya kwenda Kyela, na kutoka huko mama ajitafutie mabasi na treni mpaka pwani. Baba angetusindikiza hadi melini. Mama hakuwa na nguo kavu hata moja ya kufunga, kwa hiyo alifunga robota zima la nguo mbichi. Mama Kinunda alikuja kutuaga akiwa na kanga yake moja iliyokaukia jikoni. Mama aliipokea, akamfunga nayo Abdi.

Tuliondoka na lori lililokuwa likifuata samaki. Mimi na mama tulikaa mbele na dereva, kijana Mnyasa mwenye heshima, baba akapanda juu ya turubai. Tuliteremka kona baada ya kona ndani ya ukungu, nisione kitu ila majani yaliyogusa kioo. Masikio yakaziba. Hewa ikaanza kuwa ya moto, harufu ya majani mabichi ikageuka kuwa ya vumbi. Halafu wingu likaisha. Liliishia juu yetu kama dari, na chini ya dari ile palikuwa na maji.

Nimeona mengi tangu siku ile, lakini sijaona tena kitu kilichonifanya nijihisi mdogo hivyo na nifurahi kuwa mdogo. Maji yalianza pale milima ilipoishia, yakaenda, yakaenda, yakawa buluu, kisha buluu iliyoiva zaidi, mpaka yakashikana na anga na nikashindwa kujua kipi ni kipi. Jua lilikuwa limeyamwagikia yote. Kumbe jua lilikuwa huku siku zote tulizolitafuta. Nilimshika mama mkono.

"Bahari," mama akasema, kwa sauti ndogo sana.

"Ziwa, mama," dereva akamsahihisha kwa upole. "Ziwa Nyasa." Mama hakumsikia, au hakutaka.

Meli ilikuwa bado haijafika. Mama hakuuliza itafika lini. Alivua ndala, akakata mchanga moja kwa moja hadi majini, Abdi mikononi. Nilijua anachotaka, kwa kuwa alikuwa amekisema njia nzima: kwao mtoto mwenye vipele huogeshwa bahari, chumvi ikavikausha. Alimmwagia Abdi maji mapajani kwa kiganja, akimsomea dua. Kisha akajaza kinywa ili asukutue, akasimama ghafla. Akayatema. Akaonja tena.

"Mama, mbona unayatema?" akauliza mwanamke mmoja aliyekuwa akiosha sufuria karibu yetu. "Haya ndiyo tunayokunywa."

"Hayana chumvi?"

"Chumvi ipo dukani."

Wenzake wakacheka, na mama naye akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini majini na nguo zake zote. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Pangani, na nilistaajabia kicheko kile kuliko ziwa lenyewe.

Akiwa bado anacheka alimtafuta baba kwa macho ili amcheke pia. Baba alikuwa ameenda mbali kidogo, nyuma ya mawe makubwa, anakodhani haonekani. Alikuwa ameinama na koti lake lilelile, kwenye joto lile. Aliteka maji kwa kiganja, akaonja. Akasogea hatua chache, akateka tena, kama aliyedhani amekosea mahali. Kisha akasimama ametupa mgongo, akitazama majini, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Kicheko cha mama kikakatika. Akanipa Abdi, akaenda kwa baba. Sikusikia walichosema. Nilimwona tu baba akijifuta uso kwa mkono wa koti, nikafikiri amerukiwa na maji.

Waliporudi, mama alifungua lile robota akaanza kufua. Baba alichuchumaa na kofia yake kichwani akafua nepi, wanawake wakashikana mabega kwa kicheko na kusogeza mihogo yao waliyoianika ili tupate mawe ya kuanikia. Mawe yalikuwa ya moto. Nilipita nikigusa nguo moja moja, zikakauka mikononi mwangu, nyepesi, nisiamini.

Kesho yake meli ikafika. Nilisimama nimeshika kifurushi changu, nikisubiri kuambiwa nipande. Mama alikuwa anakunja nepi. Hakuinua kichwa.

"Zuhura, kimbia ukamwambie yule dereva asituache. Tunapanda naye mlimani."

Miaka mingi niliamini kwamba ziwa ndilo lililomshinda mama, kwa kuwa mimi lilinishinda. Abdi alipona. Nepi zake zikahamia kwenye uchanja wa Mama Kinunda, akanuka moshi mpaka alipoanza kutembea. Mama naye aliendelea kuisema mvua ya Mbinga maisha yake yote, na baba alivuta kiti karibu naye na kumsikiliza, amefumba macho kama anayesikiliza redio.

Tulimzika mama hukohuko. Wageni wa matanga walipoondoka, nilikaa na baba barazani, mvua ikinyesha. Aliinama, akagusa soksi zake.

"Soksi hizi hazijakauka," akasema.

Niligeuka kumtazama. Akaendelea, kwa sauti ya mtu anayejaribu njia asiyoijua. Akasema bati linavuja juu ya kitanda. Akasema kila mwaka wanamwambia mvua itakata baada ya Pasaka, na haijapata kukata. Akasema baridi hii hakuwahi kuizoea, hata siku moja, tangu tulipofika.

Hapo nikaelewa mama aliona nini nyuma ya yale mawe. Aliona kwamba baba alikuwa na kiu ya kwao kuliko yeye, na kwamba mtu aliyewaleta watu mahali haruhusiwi kulalamika. Angepanda meli ile, baba angebaki Mbinga bila mtu wa kumsemea.

Nikasogeza kiti changu. "Na tope nalo, baba," nikamwambia.

"Tope!" akasema. "Usiniambie habari za tope."

Akaanza kunieleza.