Nilivyokwenda Bunda Kuripoti Pomboo

Asubuhi mamba alipombeba mbuzi wa jirani pale tunapotekaga maji, binti yangu Nyangeta, wa miaka sita, alikuwa ameinama pembeni na ndoo. Ndiyo sababu ya safari. Mume wangu alikuwa visiwani kwenye dagaa. Nikamfunga mdogo wake mgongoni, nikaondoka.

Musoma nilifika jua limeshakuwa kali. Bwana nyama, yule ofisa wa wanyamapori, alinisikiliza huku anachokonoa meno. Bunduki ipo, akasema, ila risasi hakuna. Na zingekuwepo, petroli hakuna. Nikamuuliza sasa mimi nifanye nini.

"Mwambie mtoto asikae karibu na maji, mama."

Bomba kijijini hatuna. Labda ateke mchanga.

Nyuma yake lilikuwepo bango jipya la rangi: ukiona pomboo ziwani, toa taarifa kwenye mradi, Bunda, usafiri upo. Pomboo ni mnyama wa bahari ya chumvi. Ziwani kwetu hata marehemu babu hakumwonaga. Lakini ndiyo miaka ile sabuni ilianza kurudi madukani, na wafadhili nao wakaingia, kila mmoja na mnyama wake. Mimi nililitazama lile neno usafiri.

Butiama lori la pamba lilituishia dizeli, nikalala kwa shangazi. Akanionya: kudanganya serikali ni vibaya, na kulala Butiama halafu ukaamke kwenda kudanganya ni vibaya zaidi. Nikamwambia nitasema kweli tupu.

Bunda, mji usio na ufukwe, ndiko walikoweka ofisi ya pomboo. Mtaalamu alikuwa kijana wa Dar es Salaam, soksi nyeupe.

"Ni mrefu?"

"Kuliko kitanda chako."

"Anakuja juu kupumua?"

"Pua tu ndiyo tunaionaga."

"Anapenda watu?"

"Sana, bwana. Hasa watoto."

Akaninunulia soda.

Kurudi nilikaa Landrova, kiti cha mbele. Nyuma alikaa askari na bunduki, analinda kamera. Nilimuuliza kama ina risasi. Ilikuwa nazo. Za mtoto hazikuwepo. Za kamera zilijaa.

Ufukweni kwetu mtaalamu akakunja suruali, akaingia maji ya magoti, akawa anapiga makofi kumwita. Nikamshika mkanda.

"Huyo haitwi, bwana. Anakujaga mwenyewe."

Pua ikatokea. Halafu meno. Mtaalamu alinipita mbio, soksi zinabubujika maji, na askari akapiga risasi mpaka ziwa likatulia.

Nyangeta anateka maji sasa. Juzi viboko wametumalizia mihogo, na majirani wakaja kuniuliza tukaripoti wapi. Nikawaambia kwanza mtu aende Musoma akaangalie ukutani, safari hii wamebandika mnyama gani.