Saa ya Jua ya Dada

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Ntobeye, na ugonjwa wangu ni ujuaji. Niulize njia ya kwenda Bukiriro, nitakuanzishia na mzunguko wa dunia.

Basi mwezi Juni dada yangu mkubwa, aliyehamia na mumewe kaskazini kabisa mwa dunia, akanipigia simu. Sauti ilikuwa imemwishia.

"Silali, mdogo wangu. Saa nne usiku jua linawaka. Simu inasema usiku, macho yanakataa. Nichongee saa ya jua kama ile ya shuleni kwako, jua lenyewe liniambie siku imekwisha."

Kichwa kikavimba. Saa ya kwetu, karibu na ikweta, fimbo yake inalala karibu chini kabisa. Ya kule lazima isimame kuelekea juu. Nilipiga hesabu wiki mbili. Nilimsumbua fundi wa kuchomelea kwa habari za digrii mpaka akaniuliza, "Mwalimu, hii nondo inaenda mbinguni?" Kwenye ubao wa mninga nikachonga namba, saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Upande uliobaki nikachora mgomba. Nani apime usiku kwa jua?

Haya, cheka. Ubao ulibebwa na shemeji aliyekuja likizo, nami nikautangaza shule nzima. Wiki moja baada ya kufungwa bustanini, simu ikaita.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona kivuli chako kila siku kinatoka kwenye namba, kinaingia kwenye mgomba?"

Loo! Masikio yaliwaka moto. Pembe zote nimepatia, jambo lenyewe nililoambiwa nimelisahau! Nikaomba radhi mbio mbio, nikaahidi ubao mwingine wenye saa zote ishirini na nne.

"Thubutu!" akasema. "Si ndivyo alivyokuwa akifanya mama? Kivuli cha migomba kikifika mlangoni, anatuita tuingie, tuoge, tule, tulale. Sasa kikigusa mgomba wako nafunga mapazia. Nimelala wiki nzima, mdogo wangu. Nilidhani wewe ulikuwa mdogo mno, kumbe unakumbuka."

Sikuwa nakumbuka lolote. Nilikuwa najaza nafasi tu. Nilitaka kusema kweli, lakini kwa mara ya kwanza mwalimu wa kila kitu sikumsahihisha mtu.

"Nakumbuka, dada," nikamwambia.