Siku Tatu za Kunyamaza Busawe

Kwa miaka tisa nilikuwa mkalimani wa kanisa letu hapa Nyamisangura. Mchungaji wetu ametoka mkoa mwingine, Kikurya hakijui, na bibi zetu wa mabenchi ya mbele Kiswahili wanakisikia nusunusu. Kwa hiyo akisema sentensi yake kwa Kiswahili, mimi naisema kwa Kikurya. Akipaza sauti, napaza. Akilia, nalia. Watu walikuwa wakinisifu, na nilipenda kusifiwa.

Shida ilikuwa nyumbani. Nikipiga magoti kuomba peke yangu, maneno hayaji. Ni kama nangoja mtu aseme kwanza.

Jumapili moja mchungaji alisema, "Leo mwambie Mungu lile ulilomficha." Nikabaki na kipaza sauti mkononi, mdomo wazi. Akarudia. Sikuweza. Mzee mmoja wa kanisa akasimama, akatafsiri yeye.

Baada ya ibada nilitegemea kugombezwa. Mchungaji akaniuliza tu, "Lini ulikaa kimya mbele za Mungu?"

"Kimya namna gani, mchungaji?"

"Bila kuomba kitu, bila kuimba, bila simu. Hata Yesu alikuwa anawaacha watu, anakwenda mahali pa upweke. Tafuta siku tatu."

Nilikwenda Busawe kwa shangazi yangu, mjane anayeishi na ng'ombe wake wanne na shamba la mtama. Nilipomwamkia tu, akauliza, "Umegombana na mumeo?"

"Hapana, shangazi. Nimekuja kunyamaza."

Alinitazama kidogo. "Haya, nyamaza. Ila mzee akipita, mpe shikamoo yake. Heshima hainyamazi."

Akanipa kibanda kilichokuwa cha binti yake kabla hajaolewa. Simu yangu akaitia kwenye debe la mbegu, akafunika.

Siku ya kwanza kichwa changu kilikuwa soko. Niliwaza ugomvi wa kwaya, niliwaza kama mume wangu amekumbuka kulisha kuku. Jirani mmoja alinikuta nimekaa kwenye kigoda, nikamwamkia shikamoo, basi. Alipoona siongezi neno, akaenda kumpa shangazi pole, akidhani nimefiwa.

Siku ya pili, asubuhi, alikuja baba. Sisemi nilimwona. Nasema nilikosa kelele ya kumzuia.

Baba alifariki miaka minne iliyopita, mchana, mimi nikiwa jukwaani kwenye mkutano wa injili. Simu ilitetema mfukoni. Nikachungulia, ni kaka yangu. Ikatetema tena. Nikaizima, kwa sababu mahubiri yalikuwa yamepamba moto na mimi nilikuwa nimepamba moto nayo. Nilipoiwasha, baba hayupo. Msibani niliwaambia wote kwamba simu iliisha chaji.

Pale kwenye kigoda nikalia mpaka kanga ikalowa. Halafu, kwa sauti ndogo, nikavunja kimya changu. "Bwana, niliizima mwenyewe." Hakuna aliyesema kwanza. Yalikuwa maneno yangu, kwa Kikurya, lugha niliyokuwa nikizungumza na baba.

Siku ya tatu sikuwaza kitu. Nilisikiliza njiwa, nikala viazi alivyoleta shangazi, nikalala usingizi mzito wa mchana. Nilikuwa mwepesi kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani.

Kutoka Busawe nilipitia kwa mama kabla ya kufika kwangu. Nilimkuta anapepeta ulezi. Nikaogopa kwamba nikikaa nitakosa nguvu, nikasema nimesimama.

"Mama, siku ile ya baba simu haikuisha chaji. Niliizima."

Hakuacha kupepeta. "Najua. Kaka yako alisema iliita mara mbili, ya tatu haikupatikana. Nikajua umeizima."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungenidanganya tena." Sasa akaweka ungo chini. "Baba yako alikuulizia. Nikamwambia uko kwenye kazi ya Mungu. Akasema, 'Mwacheni amalize.' Miaka yote hii nataka kukuambia hilo, lakini ningeanzaje, na wewe umeshika chaji yako?"

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Mama naye akacheka, akanisogezea kigoda, tukapepeta ulezi wote ukaisha.

Sasa tuko wakalimani wawili, mimi na yule mzee wa kanisa, tunapokezana Jumapili. Zamu ikiwa si yangu, nakaa na bibi wa mabenchi ya mbele. Na kila Alhamisi, watoto wakishaenda shule, nakaa nyuma ya nyumba nusu saa bila kusema neno. Siku nyingine kinatokea kitu cha kuungama. Siku nyingine nasinzia tu, nainuka nimepumzika, naenda sokoni.