Sindano ya Muyinga

Baba alifariki mwaka mmoja kabla ya vita. Alituachia nyumba ya matofali pale Musinzira, mjini Gitega, cherehani yake, na seti ya muziki ambayo haikuwa na mwenzake mtaani kwetu: gramafoni nzito, amplifaya yenye uso wa chuma, na spika mbili zinazonifika kiunoni. Aliinunua kwa mwalimu mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Tulipoukimbia mji vita vilipoanza, mama aliacha sufuria zake zote, akaifunga gramafoni ndani ya godoro na kuibeba kichwani mpaka kwa dada yake. Spika na amplifaya tulivikuta tuliporudi. Walioingia nyumbani walichukua hata fremu za madirisha, lakini zile spika, na amplifaya iliyofichika nyuma yake, nadhani walizidharau, wakaona ni makabati mabovu.

Mimi ni seremala. Kazi zilipoanza kupatikana tena, niliamua kuiboresha seti ya baba, maana sauti ilikuwa imefifia na inakwaruza. Nikafanya kosa ambalo baadaye nimewaona wengi wakilifanya: nikatafuta nguvu. Nilinunua amplifaya mpya yenye taa nyekundu na kijani, nguvu zake mara tatu ya ile ya zamani. Siku niliyoiunganisha, mabati ya jirani yalitetemeka. Mama alisikiliza nusu ya wimbo, akajitanda ushungi wake vizuri, akasema, "Mwanangu, baba yako alikuwa na muziki. Wewe umetuletea mashine ya kusaga mahindi."

Nilinuna siku kadhaa. Halafu nikaiweka tena sahani ya muziki ya siku ile na kusikiliza kwa makini, bila kujitetea. Mama alisema kweli. Mkwaruzo haukuwa umeondoka. Nilikuwa nimeukuza tu.

Muda si mrefu nikapata kazi ya milango na madirisha huko Butihinda, mkoani Muyinga, kwa familia zilizorudi kutoka kambi za Tanzania. Mwenzangu wa kazi aliniambia kuwa sokoni Muyinga kuna Mkongo kutoka Uvira, fundi wa redio, na hakuna chombo kilichowahi kumshinda. Miaka ile kila nyumba ilitegemea redio kujua barabara ipi imefungwa, kwa hiyo fundi wa redio aliheshimiwa kama daktari. Niliifunga gramafoni na amplifaya mpya katikati ya randa na misumeno yangu, nikapanda lori.

Kwenye kizuizi kimoja njiani, askari kijana alifungua kifurushi changu, akaona waya. Akatuamuru wote tushuke.

"Unaongea na nani kwa hii?" akaniuliza.

"Siongei na mtu, afande. Ni ya kusikilizia muziki."

"Muziki wenyewe uko wapi?"

Sikuwa nimebeba hata sahani moja. Abiria wenzangu walianza kusogea mbali nami. Nilitoa bisibisi, nikafungua kifuniko na kumwonyesha mkono wa gramafoni na kichwa cha sindano. Mkubwa wake, mtu mzima mwenye mvi, akaja kuinama juu ya chombo. Alilizungusha kidogo kwa kidole lile duara la kuwekea sahani.

"Kwetu ilikuwepo," akasema taratibu. "Ya kuzungusha kwa mkono." Akakifunga kifuniko mwenyewe. "Ifunge vizuri. Huko mbele barabara ni mbaya."

Fundi wa Muyinga alikuwa mtu mnene, mpole, anafanyia kazi juu ya kreti mbili za bia zilizogeuzwa. Amplifaya yangu mpya hakuiangalia mara mbili. Alichomoa kichwa cha gramafoni, akakitazama kwa kioo cha kukuzia, akanipa na mimi nitazame. Ncha ya sindano ilikuwa imelika upande mmoja kama kisigino cha kiatu.

"Iko inalima sahani zako," akasema. "Na we umenunua nguvu ya kusikia jembe."

Kisha akaomba pima maji yangu ya kupimia usawa, akaiweka juu ya gramafoni. "Nyumbani hii inakaa wapi?"

"Juu ya kabati."

"Kabati iko sawa?"

"Sijawahi kupima."

"We fundi mbao, haujapima?" Hakucheka. Aliuliza tu, na ndiyo maana iliniingia.

Alikuwa na sindano moja inayofaa, ameitunza ndani ya pamba katika kiberiti, lakini franga zangu hakuzitaka. Alitaka meza. Kwa hiyo kila alasiri niliporudi kutoka Butihinda nilimtengenezea meza ya mkaratusi, yenye droo za vyumba vidogo vidogo vya skrubu na taa za redio. Alipoipata, aliipapasa kona hadi kona, kisha akaniwekea ile sindano na kunifundisha kuupima mkono wa gramafoni mpaka uguse sahani kwa wepesi unaotakiwa.

Niliporudi Gitega nilianza upya, safari hii kiseremala. Nikatengeneza meza nzito ya gramafoni, nikaisawazisha mpaka kipovu cha pima maji kikatulia katikati. Amplifaya ya baba nikairudisha mahali pake. Ile mpya nilibadilishana kwa mbao na mtu wa Makebuko anayekodisha viti vya harusi, na huko makelele yake yanahitajika. Ndani ya spika nikakuta panya wamekula pamba yote, nikajaza sufi kutoka kwenye mito miwili ya mama. Mwisho, kwa kuwa kuta zetu zilizopigwa saruji zilikuwa zinarudisha sauti, nikatandika mkeka sakafuni na kutundika vitenge ukutani.

"Hata nguo zangu zinaalikwa kusikiliza?" mama akauliza. Lakini aliketi.

Niliweka sahani ya taarabu ambayo aliipenda tangu ujana wake. Hapakuwa na mkwaruzo. Fidla iliingia kwanza, kisha sauti ya mwimbaji, karibu kana kwamba amekaa mkekani. Mama aliinua kiganja ninyamaze, ingawa sikuwa nimesema neno.

"Wako wawili," akasema.

"Akina nani?"

"Wanaoimba. Ni wanawake wawili. Baba yako aliniambia tangu niko bibi harusi, nikambishia maisha yake yote."

Nikasikiliza, na kweli, wa pili alikuwa chini kidogo ya mwenzake, anavuta pumzi kabla yake. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Nami nilisimama katikati ya chumba nimejaa fahari, kama mtu aliyemrudisha baba yake mezani alasiri moja.

Miezi michache baadaye yule fundi alipita Gitega akielekea Bujumbura kutafuta vipuri. Mama alimpikia pilau, nami nikamweka kwenye kiti cha katikati. Alisikiliza upande mzima wa sahani akiwa amefumba macho. Ulipokwisha, nilingoja aniambie kasoro.

"Geuza," akasema. "Na ule wa kwanza, tutaurudia."

Gari la Bujumbura liliondoka bila yeye, akapanda la kesho yake.