Mkono wa Kushoto

Maabara ya daktari wetu ilikuwa na nafasi moja tu ya kiangazi, ya utafiti wa picha za ubongo wa watu waliopata kiharusi, na tuliokuwa tukiitaka tulikuwa wawili. Mimi, mtoto wa nesi Mkenya wa Cedar Hill, karibu na Dallas, nikisomea uhandisi wa vifaa vya tiba. Na mwenzangu wa darasa, msichana Mrundi aliyekulia Gulfton, mtaa wa Houston. Nilimwonea wivu tangu wiki ya kwanza tulipoanza kumfuata daktari kliniki pale Houston. Wagonjwa walimpenda bila sababu. Hata kicheko chake kiliniudhi.

Nilichomzidi ni picha. Doa la kiharusi nililiona upesi kuliko yeye, na sikusahau hata mara moja kwamba kushoto kwa skrini ni kulia kwa mgonjwa. Siku moja daktari alinipa picha niitie alama kabla hatujamwona mwenye ubongo wake. Nikaonyesha doa upande wa kulia wa ubongo. Maana yake, udhaifu ungekuwa upande wa kushoto wa mwili, kwa kuwa kila upande wa ubongo huongoza upande wa pili.

Akaingia mzee mmoja Mrundi, kavaa koti lake la misa. Daktari akamnyooshea mkono. Mzee akatoa wa kulia, akiushikilia kwa chini na wa kushoto, akainama kidogo. Daktari akautazama mkono ule wa kulia, kana kwamba ndio dhaifu unaohitaji kushikiliwa, akaitazama picha yangu, akaniuliza kama sikugeuza pande.

Nikaanza kubabaika kwamba labda nimekosea, niangalie tena.

"Shikamoo, mzee," mwenzangu akasema, naye akampa mkono vilevile, wa kushoto ukiushikilia wa kulia. Kisha akamweleza daktari kwamba huo si ugonjwa, ni heshima. Kwao mtu mkubwa hasalimiwi kwa mkono mmoja.

Daktari akamwomba mzee afumbe macho na kuinua mikono yote miwili. Wa kushoto ukashuka polepole. Picha yangu ilikuwa sahihi kabisa, lakini nani aliniangalia mimi?

Na desturi hiyo niliijua! Mama angenifinya mbele ya kanisa zima kama ningemsalimu mzee kwa mkono mmoja. Jioni nilipompigia simu hakunionea huruma.

"Sasa wewe ulikuwa unaangalia nini?"

"Picha, mum."

"Na mzee ameketi hapo mbele yako? Si ungesema tu! Huyo msichana ako sharp, wacha nikwambie."

Nafasi akapewa yeye. Alinifuata mwenyewe kwenye korido kuniambia, nisije nikasikia kwa wengine, akasema picha yangu ndiyo iliyomfanya yeye aamini kwamba mkono ule ulikuwa wa heshima tu. Uungwana wake ulizidi kunikera. Akaninyooshea mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa chini yake, kana kwamba mimi ndiye mkubwa.

Nikampa wangu wa kulia. Wa kushoto niliuacha mfukoni, na nikaona kwamba ameuona.