Nilivyomkata mama maneno redioni, na kaka yangu akasikiliza mpaka mwisho

Wakuu, habari za humu ndani.

Wa umri wangu sidhani kama wapo humu, kwa hiyo shikamoo zenu nimeshazipokea kabla hamjaziandika. Nina miaka themanini na ushee. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, miwani imefungwa kamba, kwa hiyo typing errors mtanivumilia.

Najua kuna watakaosema hii ni chai. Semeni tu. Ningefurahi sana ingekuwa chai.

Picha hakuna. Zama za Mwingereza, Issuna kule Singida, nani alikuwa na kamera.

Niwape background kidogo ili tuende pamoja.

Kwetu tulikaa kwenye tembe. Kwa waliozaliwa kwenye bati, tembe ni nyumba ya miti na udongo, paa limelala bapa, nalo ni udongo. Mlango mfupi, unaingia umeinama. Ndama wanalala upande ule, watu upande huu. Baba alishafariki. Tulibaki mama na mimi.

Nilikuwa na kaka mmoja, Hango. Huyu aliondoka nyumbani kwa ugomvi. Mama alishampelekea ng'ombe wa mahari kwa binti wa watu, Hango akasema simtaki. Ng'ombe wakarudishwa, kijiji kizima kikiwaona wanarudi. Mama kwa hasira akamwambia, "Toka, na mlango wangu usiuingie tena."

Akatoka kweli. Tukasikia yuko Tanga, manamba kwenye mkonge. Miaka minne, barua hakuna.

Sasa hapa ndipo penyewe, someni taratibu.

Kwa ukoo wetu, neno kama lile likishatoka kwa mzazi halifutiki kwa kutuma mtu. Mzazi mwenyewe anapiga funda la pombe ya asali, anaipuliza kuelekea aliko mtoto, anatamka kwa mdomo wake kwamba neno lile amelitoa, limefutika. Na mtoto awe anamsikia. Asiposikia, bado.

Mama hasira zilimwisha mwezi wa kwanza tu. Lakini mtu yuko Tanga, atamsikiaje?

Kuhusu hiyo pombe, mama alikuwa fundi. Asali ya mizinga, maji, chachu yake, kibuyu kinakaa jirani na moto siku kadhaa mpaka kinaanza kusema chenyewe. Watu walitoka mbali kuja kuionja. Na huyu mama alikuwa amebatizwa, Jumapili yuko benchi la mbele. Misheni pombe walikuwa hawaitaki, yeye akawa anasali na anatengeneza, anasema Mungu ndiye aliyeumba nyuki.

Mimi nilikuwa nasoma pale pale misheni, nimemaliza, nasubiri majibu ya nafasi ya ualimu. Miaka kumi na saba. Nilikuwa naona aibu ya kila kitu cha kwetu. Aibu ya paa, aibu ya ndama, aibu ya kibuyu. Nikija na wenzangu nawasimamisha mbali, nawaambia nisubirini hapa, nyumbani kuna mgonjwa.

Basi siku hiyo jumbe akaja kusema kuna watu wa redio kutoka Dar es Salaam. Wanatengeneza kipindi cha maisha ya nyumbani mikoani. Nyumba watu wanazokaa, dini wanayoshika, vinywaji wanavyotengeneza. Jumbe kamchagua mama kwa sababu tembe lake lilikuwa safi kuliko yote. Mama haongei Kiswahili, kwa hiyo mkalimani ni mimi.

Mama aliuliza swali moja tu. "Hiyo redio Tanga inafika?"

Jumbe akasema inafika, hata kambi za mkonge wamefungiwa spika.

Mama akainuka. Akaenda kuweka asali kwenye kibuyu.

Walipokuja, mtangazaji alikuwa kijana wa pwani, mpole, viatu vinang'aa. Nilivitazama vile viatu, nikatazama mlango wetu, nikatamani ardhi inimeze. Wakafungua mashine yao yenye magurudumu mawili ya utepe, wakamwekea mama maikrofoni.

Mama akaanza kwa salamu. Ile salamu ndefu ya Kinyaturu, anauliza watu, mifugo, mvua. Mtangazaji akafurahi, akasema hii tutaiacha kama ilivyo.

Kisha maswali.

Akauliza nyumba. Mama akaeleza kwa maringo jinsi tembe linavyotunza baridi jua likiwaka. Mimi nikatafsiri kwamba mama anatamani nyumba ya bati yenye madirisha makubwa.

Akauliza dini. Mama akasema anasali asubuhi na jioni. Hiyo niliitafsiri vizuri, nikaongezea na mistari ya Biblia ambayo hakuitaja.

Akauliza kuhusu mvinyo wa asali, kwamba amesikia sifa zake. Mama akaeleza hatua kwa hatua. Mimi nikasema zamani alikuwa anatengeneza, sasa ameacha, tunakunywa chai. Kibuyu kipo miguuni pake hapo hapo, wakuu.

Halafu mama akakiinua. Akapiga funda. Akageuka mashariki, iliko Tanga, akaipuliza, matone mengine yakaangukia ile mashine, fundi wake akaruka kuipangusa. Mama akashika maikrofoni kwa mikono miwili, akasema:

"Hango mwanangu, ni mimi mama yako. Neno nililokuambia nimelitoa. Mlango ni wako. Rudi."

Alilirudia mara tatu. Machozi yanamtoka, lakini sauti imesimama.

Mtangazaji akanigeukia. "Dada, mama amesema nini? Mbona analia?"

Nilikuwa na sekunde chache tu. Nikawaza mwalimu mkuu wa misheni atasikia kwamba kwetu tunapuliza pombe, mambo ya kipagani. Nikawaza nafasi yangu ya ualimu. Nikawaza na huyu mtangazaji na viatu vyake, atatuonaje.

Nikamwambia, "Alikuwa anaonyesha walivyokuwa wanaonja zamani. Pombe imempalia tu. Hapo hakuna la maana, bwana, pakateni."

Akauliza, "Pakatwe pote?"

Nikasema, "Pote."

Mama akaniuliza kwa Kinyaturu kama wameelewa. Nikamwambia wameelewa.

Wiki kadhaa baadaye kipindi kikarushwa, saa za alasiri. Redio ya betri ikawekwa dirishani pale barazani kwa jumbe, watu wakajaa. Mama kavaa gauni la kanisani, kakaa mbele kabisa chini.

Ikaja sauti yake, ile salamu. Watu wakapiga vigelegele. Baada ya hapo ikawa mimi tu, bati, madirisha, chai, Biblia. Waliokuwepo walinisifia Kiswahili changu.

Mama akanivuta nguo. "Wamefika kwa Hango?"

Nilikuwa bado na nafasi ya kusema ukweli. Nikamwambia, "Wameshasema, mama."

"Mbona sikujisikia nikilisema?"

"Wamelisema kwa Kiswahili, watu wote walielewe."

Akanitazama kidogo. "Na kupuliza, wameeleza?"

"Wameeleza."

Akanishika mkono, akanishukuru. Mbele za watu alinishukuru.

Nafasi ya ualimu nilipata. Nikaenda.

Mama akaanza kusubiri. Nikirudi likizo namkuta amekandika upya chumba cha Hango. Kila msimu wa asali anaweka kibuyu chake pembeni, hakiguswi. Mwanzo alikuwa anasema yuko njiani. Baadaye akawa anasema labda amekufa, maana mtoto wake akisikia neno limetolewa asingeacha kuja. Mimi nakaa pale nakula ugali wake. Kila likizo nilijiambia nitasema kesho.

Alifariki kifua, bendera ya Mwingereza ikiwa bado inapepea bomani. Hakuwahi kujua.

Hango alirudi baada ya Uhuru, alipopata habari kwamba mama hayupo. Mtu mzima, mkono mmoja una vidole vitatu, mkonge ulichukua vingine. Hakuingia ndani. Alikaa nje ya mlango, nikamletea chai pale pale.

Akaniambia, "Mdogo wangu, unajua nilimsikia mama redioni?"

Nikainua birika.

"Tulikuwa tumetoka shamba. Nikasikia Kinyaturu kwenye spika, nikasema hii sauti ni ya mama. Niliacha hata chakula, nikasogea nikasimama chini ya ile spika. Nikasema leo ndiyo leo, mama amenifuata huku huku, atanitolea neno lile. Wenzangu nikawaambia nyamazeni. Halafu ukaingia wewe. Ukaongea habari za madirisha mpaka mwisho. Wakapiga muziki."

Akanywa chai.

"Nikajua hajanisamehe. Mtu anapewa redio nzima, anasalimia nchi nzima, mimi hanitaji. Nikasema basi, huko sirudi mpaka afe."

Wakuu, nilikuwa nimesimama na birika mkononi. Maneno yote yalikuwa mdomoni. Sentensi moja tu ingetosha, kwamba alikutaja mara tatu, mimi ndiye niliyekata.

Nilichosema ni, "Pole kaka. Nikuongeze chai?"

Alikaa pale nyumbani miaka mingi baada ya hapo. Alijijengea kibanda chake kando, na kwenye mlango wa mama hakuwahi kuingia hata siku moja, mpaka tembe likaanguka lenyewe. Hata mvua ikimkuta hapo nje, analoa. Mimi nilikuwa mwalimu, nafundisha watoto wa watu kusema kweli.

Naye sasa amefariki. Hakuna aliyebaki wa kunigombeza, labda ndiyo maana leo nimeweza kuandika. Hata huu ujasiri ni wa aibu, nalijua hilo.

Nilichojifunza: ukikabidhiwa maneno ya mtu, si yako kuyapanga. Yafikishe kama yalivyo, hata kama yananuka pombe. Mnaofanya ukalimani, na nyie mnaowaongelea wazazi wenu hospitalini na maofisini, nawasema nyie.

Karibuni kwa comments. Mtakaonitukana, sawa, sitajibu, lakini nitasoma zote.

Ila wenye kujua mila za Singida naomba mnisaidie swali moja. Makaburi ya mama na Hango yamepakana, hatua mbili tu. Mama neno alilitoa, ni mwenzake tu hakusikia. Je, mimi niliyelizuia naweza kwenda kulitamka pale, au mdomo wangu hauna tena ruhusa?