Vidonge vya Mke wa Balozi

Katibu wa tawi la chama aliponiambia, "Ndugu balozi, fanya mpango mkeo apungue," nilipaswa kukataa. Nilipaswa kumwambia kwamba mwili wa mke wangu si mali ya tawi. Badala yake nilisema, "Nimekuelewa, ndugu katibu," nikarudi nyumbani Temeke nikiwa nimekwisha kuamua, mke mwenyewe hajaulizwa.

Ilikuwa miaka ile ya mgao. Kazini nilikuwa karani wa ghala, na mtaani nilikuwa balozi wa nyumba kumi. Sukari, unga na sabuni za nyumba hizo zilipitia barazani kwangu, nami nilizipima kila mtu akiona. Sikuiba hata kijiko. Lakini mke wangu alikuwa mnene. Alikuwa mnene tangu nilipomwoa kwao Kigamboni, kama mama yake na dada zake, na kwao huo ulikuwa uzuri. Wakati ule, watu wakishindia uji wa unga wa njano, mwili wake ukageuka ushahidi dhidi yangu.

"Balozi, mizani yako unatumia jiwe gani?" mama mmoja aliuliza kwenye foleni. "Au jiwe lenyewe ni shemeji?"

Foleni nzima ikacheka. Mke wangu naye alicheka. "Shoga, mie jiwe la kwetu hili, nimekuja nalo. Unga wako haunifiki hata kifundoni."

Yeye maneno yalimpita. Mimi yalinikaa.

Mjini kulikuwa na daktari aliyewapa wake za wakubwa vidonge vya kukata hamu ya kula. Nikampeleka. Daktari alimpima, akausikiliza moyo wake, kisha akanigeukia mimi. "Hivi si kwinini, bwana, kwamba atameza siku chache apone. Akiacha, mwili unarudi. Kama huna fedha ya miaka, usianze."

Nilimwambia ninayo. Sikuwa nayo.

Jioni tuliketi mkekani nikampangia. Sigara ningeacha. Nyama ingekuwa ya sikukuu tu. Nikamtania kwamba hata hivyo hatakuwa na hamu nayo. Hakucheka. Fedha tulizoweka kwa ajili ya mabati zingetumika, na paa tungeliongezea makuti. Bado haikutosha. Ndipo nilipomwomba zamu yake ya upatu. Aliucheza na wanawake wa mtaani kwa fedha za vitumbua alivyouza, na zamu ile alikwisha kuiwekea nia ya cherehani.

"Yaani nijinunulie njaa mwenyewe?"

"Ni kwa heshima yetu, mama watoto."

"Yetu, au ya ubalozi wako?"

Zamu ilipofika, alifungua pindo la khanga, akaniwekea fedha mkononi, akaenda jikoni.

Vidonge vilifanya kazi. Mashavu yakashuka, magauni yakamning'inia. Pia akaacha kulala. Nilikuwa nikiamka alfajiri namkuta amekwisha kufagia uwanja na anaufagia tena. Mikono ikaanza kumtetemeka, rojo la vitumbua likawa linamwagika nje ya kikaango, mwishowe akaacha biashara. Hilo sikuwa nimelipigia hesabu. Mpango wangu wote ulisimama juu ya vitumbua vyake, nami nilikuwa nimeviona kama kitu cha pembeni.

Kisha dawa zikaadimika kama kila kitu kingine. Daktari akasema hana, na hajui lini atapata. Nafasi ya kuacha ilikuwa wazi mbele yangu, bila aibu yoyote. Sikuitumia. Nilielekezwa kwa mtu mmoja Manzese aliyeviuza kwa mlango wa nyuma kwa bei ya kutisha. Mimi niliyeanza yote haya ili nisiitwe mlanguzi, nikawa naingia kwa mlanguzi huku nikitazama nyuma. Fedha za mabati zilikwisha. Nikaanza kukata kidonge vipande viwili kwa wembe ili vifike mwisho wa mwezi, na aliponiambia moyo unamwenda mbio, nilimjibu atazoea.

Na mtaa je?

"Balozi," yule mama wa foleni aliuliza, "umegawa mgao wote ukamsahau shemeji?"

Wengine walisema anaumwa, wengine amelogwa. Hakuna hata mmoja aliyesema kumbe balozi wetu ni mwaminifu.

Mama mkwe alivuka kwa pantoni kutoka Kigamboni kuja kututazama. Alimkuta mwanawe ameketi kizingitini, akamshika mkono, akauzungushia vidole vyake viwili vikakutana.

"Mkwe wangu, nilikupa mwanangu amenawiri. Nani alikutuma umchonge?"

Nikaanza kumweleza habari za foleni, za tawi, na jinsi nilivyopanga fedha. Nilipokaribia habari ya cherehani nikanyamaza. Mke wangu akanimalizia.

"Na upatu wangu, mama. Ameula na upatu wangu."

Waliondoka siku hiyo hiyo na watoto wetu wawili. Nilidhani ni kwa wiki chache. Baadaye niliwachukua wazee wawili wa mtaa, tukavuka kwenda kuomba radhi. Alikuwa ameanza kunenepa, mikono imetulia. Alitukaribisha vizuri, akatupikia. Niliahidi kuacha ubalozi.

"Baba watoto, sina ugomvi nawe," alisema. "Ila mie siwezi tena kula mbele yako. Kila tonge naona unalipima."

Wazee walijaribu kumsihi. Mimi sikuwasaidia, kwa sababu hata mchana ule, alipokuwa akila, nilikuwa nimeitazama sahani yake.

Alidai talaka, nikampa. Aliolewa huko huko Kigamboni, na wanangu walikua wakimwita mwanamume mwingine baba. Walipokuwa wakubwa walinitembelea mara chache, kwa adabu, kama watu wanaomtembelea balozi. Kwa kuogopa maneno ya foleni nilimpoteza mke niliyempenda na watoto wangu wote. Sikuoa tena.